Waliotembea kwenye Televisheni ya Baba

Mwezi uliopita nilipeleka redio yangu kwa fundi pale sokoni Bukoba. Nilipokuwa nasubiri zamu, fundi akawasha televisheni moja kuukuu, zile za mgongo mrefu, ambayo mwenyewe alikuwa ameiweka stoo miaka nenda rudi. Haikuchukua muda ikaanza kunuka. Ninyi mliokulia na televisheni za zamani mnaijua harufu hiyo: vumbi linaloungua taratibu huko ndani, plastiki iliyopata moto, na kinyesi cha mende kwa mbali. Wateja wenzangu walikunja pua. Mimi nilitoka nje, nikasimama barazani nikijifanya napokea simu, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na hamu ya kumweleza mtu.

Kwangu mimi hiyo ni harufu ya sebule ya baba yangu kule Hamugembe, na ya Baba Mdogo Kamugisha akiwa ameketi mkekani, kajifunika blanketi mchana wa jua kali. Nitawasimulia, ingawa habari yenyewe inahusu mchezo wa kwenye televisheni, na nilipowahi kuisimulia ofisini walinicheka. Nanyi chekeni mkitaka. Kuna mahali hata mimi nacheka.

Nilikuwa darasa la nne, na wazazi wangu wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla kahawa ya msimu uliofuata haijaiva. Ila mimi sikuambiwa kwamba wamekufa. Watu wazima wa miaka ile walikuwa na maneno mengi ya kupitia pembeni: baba alikuwa amepumzika, mama alikuwa ameitwa, na ugonjwa wenyewe waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiingia kwa magendo kutoka Uganda, hivyo mtu aliweza kuutaja mbele ya watoto ukadhani anazungumzia nguo. Siku za mazishi sisi watoto tulipelekwa kwa jirani, tukapewa ndizi mbivu na senene wa kukaanga, tukaambiwa tucheze. Nilicheza. Siku aliyozikwa mama nilikula senene mpaka tumbo likaniuma, na nilipouliza mbona watu ni wengi nyumbani, jirani akaniongezea senene.

Baada ya hapo nilikaa Buganguzi, kule Muleba, na bibi mzaa baba. Watu walimwita Ma Paskazia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa ulimi, aliyejifunzia kusoma kwenye katekisimu na kwa hiyo akisoma chochote alikisoma kwa sauti ya kanisani, hata maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi. Makaburi ya baba na mama yalikuwa pale pale kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni, mahali ambapo kila siku nilipita nikienda kuchota maji. Nilijua ni makaburi. Sikujua, au sikutaka kujua, yana nini.

Ndipo Baba Mdogo akarudi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mdogo wake baba, mtoto wa mwisho wa Bibi, karani katika ofisi ya mizigo bandarini, mtu wa viatu vinavyong'aa na vichekesho. Tulikwenda kumpokea kwenye meli ya Mwanza. Nilimtafuta kati ya abiria kwa bidii sana, nikampita. Bibi hakumpita. Nilipogeuka nilimwona amemshika mtu mmoja mwembamba, koti limemning'inia, na yule mtu akaniambia, "Kemi, usinishangae, nimepunguza mizigo." Sauti ilikuwa yake. Nililia pale pale gatini, na yeye akacheka ili nisilie, na kikohozi kikamkatiza.

Hatukupanda naye Buganguzi. Bibi aliona ni bora tufungue nyumba ya baba Hamugembe, karibu na hospitali, na ndivyo nilivyorudi katika nyumba niliyozaliwa. Ilikuwa imefungwa muda mrefu. Migomba ilikuwa imesogea mpaka dirishani, ikifanya vyumba vyote viwe na kiza cha kijani hata saa sita mchana. Viatu vya mama vilikuwa bado chini ya kitanda. Upande wa pili wa njia kulikuwa na seremala aliyemtengenezea baba makabati. Sasa alikuwa ameachana na makabati, na kutwa nzima tulisikia nyundo yake, na sote tulijua anapiga misumari ya nini. Na pale sebuleni, juu ya meza yake, chini ya kitambaa cha kufumwa, ilikuwepo televisheni ya baba. Tangu zamani haikunasa kitu zaidi ya stesheni ya Uganda iliyojaa chenga, lakini baba aliipenda na aliifuta mwenyewe.

Baba Mdogo alikuwa amekuja na boksi. Familia moja ya Kihindi, majirani zake wa Dar waliokuwa wakihamia Kanada, walimwachia mashine ya gemu ya mtoto wao: kasha la kijivu, waya, pedi moja ya kubonyeza yenye vitufe vilivyolika, na kaseti moja tu. Mashine za namna hiyo nilikuwa sijawahi hata kuzisikia. Siku aliyopata nafuu kidogo aliketi mkekani akachomeka waya nyuma ya televisheni, akanong'ona na vile vitundu kama mganga, akawasha. Televisheni ikanuka lile vumbi lake la miaka miwili. Bibi akatoka jikoni mbio na ndoo ya maji, na kwa bahati tukamzuia mlangoni.

Nilitegemea magari au mpira. Kumbe ilikuwa safari. Kabla hata safari haijaanza, kioo kiliuliza majina: wasafiri wanne, na kila jina herufi nne, basi. Baba Mdogo aliandika KEMI pale juu kabisa.

"Wewe ndiye wa mbele," alisema. "Wengine wanakufuata wewe. Wa pili nani?"

Nikasema baba. Lilinitoka tu. Kidole cha Baba Mdogo kilisimama juu ya kitufe, nami nikaogopa kwamba nimesema jambo baya. Kisha akaandika BABA. Nikasema mama, akaandika MAMA. Majina yalijaa zile nafasi nne bila kubaki wala kupungua, na nilifurahi mno, nikaona waliotengeneza mchezo huu walikuwa wametufikiria sisi. Nafasi ya mwisho akajiweka mwenyewe, KAMU. Halafu kioo kikafunguka, na watu wanne wadogo, kila mmoja na rangi yake ya nguo, wakatoka wakiwa wamefuatana kwenye majani mabichi. Nikawa natembea na wazazi wangu.

Sijui kama naweza kuwaeleza furaha ya siku zile. Nilitoka shule mbio. Watoto wenzangu walikuwa wameacha kuja kwetu, kwa sababu mama zao waliwaambia nyumba ile ina Juliana, na mimi sikuwahitaji. Nyumbani nilikuwa na nchi nzima. Maneno ya mchezo yalikuwa Kiingereza kitupu, na Baba Mdogo alinitafsiria yote, akimfanya kila mtu aongee kivyake: mfalme aliongea kama diwani, wachawi waliongea kama walimu wangu. Bibi alianza kwa kupita pita na sufuria, baadaye akawa anaketi mlangoni akimenya ndizi, na mwisho akahamia mkekani kabisa.

"Huyo mfalme ni wa ukoo gani?" aliuliza siku ya kwanza.

"Si wa kwetu huyo, Mama," alijibu Baba Mdogo.

"Naona. Mfalme wetu Muhinda hawezi kumtuma mtoto wa mtu vitani na fimbo ya kuchungia mbuzi."

Alipoona kila kijiji kina kanisa na padri amesimama mbele ya msalaba, alifurahi. "Kumbe huko nako kuna parokia!" Yule padri alikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika safari yenu mlipofikia. Mkizima mashine bila kupita kwake, mkiwasha tena mnajikuta mmerudi nyuma. Kazi ya pili, kwa sadaka kidogo, ilikuwa kufufua wafu. Hiyo ya pili hatukuitilia maanani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekufa.

Aliyetangulia alikuwa BABA. Tulikuwa tunavuka daraja, yakatutokea mazimwi yenye mapanga, na mimi bado nilikuwa nachelewa kubonyeza. Maandishi yakapita kwenye kioo. Nikamwangalia Baba Mdogo anitafsirie, na kwa mara ya kwanza alichelewa.

"BABA amekufa," alisema.

Jikoni Bibi aliacha kukata. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno hayo mawili yakiwa pamoja.

"Amekufa kweli?"

"Amekufa."

"Na yule mwingine? Yule wa Buganguzi?"

Baba Mdogo alinitoa pedi mkononi akaiweka chini. "Naye amekufa, Kemi. Na mama yako. Walikufa, tukawazika. Hawakusafiri."

Nilikuwa nikijua, jamani. Nilijua kama mtoto anavyojua. Lakini kuambiwa ni kitu kingine, na nililia mpaka Bibi akaja kunibeba mgongoni, nami msichana mkubwa wa darasa la nne, akazunguka nami sebuleni huku akimkaripia mwanawe kwa Kihaya. Nilipotulia na kutazama kioo, wasafiri walikuwa wamebaki watatu, na mahali pa BABA palikuwa na jeneza dogo. Tulipotembea, jeneza likatufuata.

Nikasema twende kwa padri. Sadaka tunayo, kanisa lile pale. Baba Mdogo akatikisa kichwa.

"Tunakwenda na waliopo," alisema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, na hilo ndilo neno lililotugombanisha wiki baada ya wiki. Mtu yule aliyenipa kila nilichotaka, aliyenipa mpaka uji wake akisema ameshiba, kwa jambo hili moja alikuwa mgumu kama jiwe. Tulipita kanisa moja, tukapita la pili. Padri alikuwa amesimama tu pale. Sisi tuliingia, tukaandikisha safari, tukatoka na jeneza letu nyuma. Kisha MAMA akafa kwenye kinamasi, kwa sumu, taratibu, akipungua kidogo kwa kila hatua huku sisi tukimwangalia, na majeneza yakawa mawili.

Bibi alikuwa upande wangu. "Kamugisha, kama padri wa huko anafufua, unangoja nini? Mpeleke mwanangu kanisani."

"Mama, huu ni mchezo."

"Kama ni mchezo, kwa nini unakataa?"

Baba Mdogo alipangusa mdomo kwa ncha ya blanketi. Alikuwa na vidonda mdomoni wakati huo, na kusema kulimuuma. Alivuta blanketi akageukia ukutani. Bibi alibaki akiangalia yale majeneza mawili, na nilimsikia akiyasomea sala ya marehemu kwa ile sauti yake ya katekisimu.

Naye akaendelea kupungua. Mikono yake ilianza kutetemeka, hivyo pedi ikawa yangu moja kwa moja na yeye akabaki mkalimani. Alitafsiri amelala ubavu. Siku nyingine alisinzia katikati ya sentensi, na mazimwi yakalazimika kunisubiri. Umeme ulipokatika tuliketi katika lile giza la migomba tukisikiliza nyundo ya seremala, na ulipowaka tuliendelea. Alikuwa na haraka nisiyoielewa. Nikitaka kurudi nyuma kuokota kitu tulichoacha, alisema, "Mbele, mama, mbele."

KAMU alikufia pangoni. Nilijaribu kumwokoa, nilimpa dawa zote, nikasahau hata mimi mwenyewe kujitibu. Haikusaidia. Maandishi yakapita, na Baba Mdogo akayatafsiri bila kuchelewa, kwa sauti ileile ya siku zote.

"KAMU amekufa." Kisha akaniangalia. "Haya. Umebaki wewe. Usisimame hapo, kuna popo wanakuja."

Niliitupa pedi ukutani. Baba Mdogo aliiokota, akampeleka KEMI polepole kwa mzee mmoja wa mle pangoni, aliyeandika safari tu bila kufufua, ndipo akazima.

Niwaambie nilichokuwa nacho kichwani, maana bila hicho hamtaelewa kilichofuata. Niliamini kwamba KAMU akifufuka, Baba Mdogo atapona. Sikumwambia mtu. Nilipima mambo kitoto na nikaona yanalingana: BABA alikuwa na jeneza na baba alikuwa na kaburi, MAMA hali kadhalika, na sasa KAMU alikuwa na jeneza na Baba Mdogo alikuwa hali chakula. Ilibidi niwahi.

Basi alasiri moja Bibi alikuwa ameteremka mjini kutafuta dawa, na Baba Mdogo alikuwa amelala pale mkekani. Niliwasha televisheni nikapunguza sauti. Nilimtoa KEMI pangoni, peke yake na majeneza yake matatu, nikikimbia kila zimwi, mpaka kijijini, mpaka kanisani, mpaka mbele ya padri. Nikachagua KAMU. Mwanga ukamulika, jeneza likaondoka, KAMU akasimama nyuma yangu na nguo yake ya bluu. Nikageuka kumtazama Baba Mdogo, nikisubiri rangi imrudi usoni.

Alikuwa macho. Sijui alikuwa ananiangalia tangu lini. Alitazama kioo, akamwona KAMU amesimama, na mtu yule ambaye asubuhi tulimwinua sisi wawili kumpeleka chooni alitambaa kwa mikono mpaka ukutani akachomoa waya. Kioo kikafa. Padri alikuwa hajaandika kitu.

Nilipiga kelele kwamba yeye ni mbaya, kwamba hataki tupone. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anahema, ule waya bado uko mkononi.

"Kemi," alisema pumzi ilipomrudia. "Leo utatufufua, kesho tutakufa tena, utarudi kwa padri. Keshokutwa vilevile. Utakwenda lini? Niambie. Wewe utakwenda lini?"

Nilinuna kwa siku kadhaa, na kununa kwenyewe kulikuwa kwa mwisho, kwa sababu mvua za vuli zilipoanza Baba Mdogo akafariki, asubuhi, kichwa kikiwa pajani mwa Bibi. Jeneza lake lilitoka ng'ambo ya njia. Wanaume wanne walilivusha kwa mkono.

Tulimpeleka Buganguzi. Safari hii sikupelekwa kwa jirani. Alikuwa ameacha neno kwa Bibi kwamba nisimame kaburini, na nikasimama, na nikatupa udongo wangu, na nikauona umeangukia wapi. Siku za matanga hakuna aliyegusa jembe. Watu walilala chini, kwenye nyasi zilizotandazwa ndani ya nyumba, mimi katikati ya wanawake, nikisikia mvua kwenye migomba na kilio kikiamka hapa na kulala pale. Niliwaza gemu. Ndiyo, niliwaza gemu. Niliwaza kwamba KEMI yuko bado pangoni, na kwamba sasa hakuna wa kuchomoa waya.

Matanga yalipokwisha tulirudi Hamugembe, Bibi na mimi, ili nimalize muhula. Jumapili ya kwanza tulipotoka kanisani Bibi hakwenda jikoni. Hakuvua hata gauni lake la misa. Aliketi mkekani mbele ya televisheni, akafunua kile kitambaa cha kufumwa, akakikunja vizuri.

"Washa," alisema. "Wapeleke kwa padri. Wote."

Nilifanya alivyotaka, na nilivyotaka. Mazimwi yalikuwa mengi njiani, lakini nilifika. Nilimfufua KAMU, nikamfufua MAMA, nikamfufua BABA. Mwanga ukamulika kwa kila mmoja. Majeneza yakaisha. Nikawatoa nje ya kanisa, nikawasimamisha penye majani, mahali peupe, ili Bibi awaone vizuri.

Bibi akajiweka sawa. Alivuta kanga yake mabegani, akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, na akangoja. Mwanzoni sikujua anangoja nini. Kisha nikaelewa. Kwetu mkubwa hamwanzi mdogo. Mtoto akitoka safari, hata awe na mvi, yeye ndiye anayetangulia kumsalimia mama yake, na mke wa mtoto anapiga magoti. Bibi alikuwa akingoja wanawe wamsalimie.

Hawakusalimia. Mtu akisimama katika mchezo ule miguu yake haitulii. Inapiga mwendo papo hapo, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na uso unatazama mbele. Ndivyo walivyofanya wote. Mvua ndogo ilianza nje. Bibi alingoja. Nilitamani nimwambie kwamba hawajui kusema, kwamba Baba Mdogo ndiye aliyekuwa akiwasemea, lakini nilibaki nimeshika pedi.

Mwishowe akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Akawaanza yeye.

"Wasibota, Mutalemwa," alimwambia baba yangu. Alisubiri jibu, akiwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja. "Wasibota, Kokushubira," alimwambia mama yangu. Akasubiri tena. "Wasibota, Kamugisha. Kamugisha, mwana wange." Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Aliyasogeza macho hadi kwa yule wa mbele, akaanza kusoma jina lake pale juu ya kioo kwa mtindo wake, silabi kwa silabi. "Ke..."

Hakumaliza. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo tena.

"Na huyu?" alisema. "Mbona huyu yuko mstarini nao?"

"Ni mimi, Bibi. Mimi ndiye wa mbele."

"Toka huko." Alikuwa amenishika mkono na kucha zake zilikuwa zinaniingia. "Zima. Toka huko, nasema!"

Nikazima. Kioo kikabaki na nukta moja nyeupe katikati, nayo ikapotea. Niliogopa, nikafikiri nimewakosea wafu. Lakini hakunigombeza. Alinigeuza nimtazame, nyuma yangu kukiwa na ile televisheni.

"Nisalimie," alisema.

Nilikuwa nimemsalimia asubuhi, kabla ya misa. Hata hivyo nikapiga magoti pale mkekani nikamsalimia kwa Kihaya, kwa heshima zote, akaitikia.

"Tena," akasema.

Ilipita miaka mingi kabla sijaielewa alasiri ile. Ilibidi niwe mtu mzima, niketi kwenye benchi la zahanati nikisubiri majibu yangu mwenyewe ya kipimo cha UKIMWI, majibu yaliyotoka safi, ndipo yakanijia yote kwa pamoja. Kwa nini Bibi kila aliponiogesha alinipapasa shingo na makwapa, na mimi nikicheka kwa kutekenywa. Kwa nini nikikohoa kidogo usiku taa iliwashwa. Kwa nini Baba Mdogo aliniangalia nikila mpaka mwisho. Miaka ile hakuna aliyejua ni mtoto yupi wazazi walimwachia ugonjwa na yupi walimwacha salama. Walikuwa wakinichungulia, wote wawili, na hawakuniambia. Baba Mdogo alikuwa ameamua kuamini kwamba mimi ni wa kubaki, na alitumia nguvu zake za mwisho kunifundisha kubaki. Bibi hakuwa na uhakika huo. Aliona watatu aliowazika wamesimama, na mbele yao, kwenye mstari huohuo, akanikuta mimi.

Siku ile sikuyajua hayo. Nilidhani kilio kimemharibu masikio, kwa hiyo kila aliposema tena nilipaza sauti zaidi, nikamsalimia, akaitikia, nikamsalimia, akaitikia, mpaka magoti yakaniuma na ndizi zikachelewa kupikwa. Masikio yake yalikuwa mazima. Alikuwa na mtu mmoja aliyebaki wa kumjibu, na alitaka kumsikia.